Ng'ombe Wangapi Wanatosha? Historia ya Kipimo cha Riziki Ngorongoro na Karatu

Barabara inayopanda kutoka Karatu kuelekea lango la Loduare hupita katikati ya mashamba ya mahindi, ngano, mbaazi na kahawa mpaka ukingoni mwa msitu. Ukishavuka lango, kulima ni kosa. Udongo ni uleule wa volkano na nyanda za juu ni zilezile; kilichobadilika ni sheria. Upande wa Karatu, uwezo wa familia hupimwa kwa ekari, kwa magunia na kwa jozi ya maksai. Upande wa Ngorongoro, kwa zaidi ya miaka 60 sasa, watawala na wataalamu wameupima kwa ng'ombe, na aghalabu kwa ng'ombe peke yao.

Mipimo hii miwili haikuwako tangu zamani. Ilitengenezwa na watu, kwa sababu zinazojulikana na katika miaka inayojulikana. Nitaifuata hatua kwa hatua, kwa kuwa naamini sehemu kubwa ya mgogoro wa Ngorongoro imetokana na swali moja ambalo kila utawala ulilijibu nusu: familia ya mfugaji inahitaji nini ili ishibe mwaka mzima?

Tuanze na ardhi yenyewe. Upande wa magharibi wa Ngorongoro ni mbuga za nyasi fupi zinazoungana na Serengeti. Nyasi zake zina madini mengi na huwafaa sana ng'ombe wanaonyonyesha, lakini mvua zikikatika mbuga hukauka na maji hutoweka. Upande wa mashariki ni milima, misitu na mabonde yenye chemchemi, ambako malisho hudumu hata wakati wa kiangazi. Kwa hiyo mfugaji aliyetaka kuishi hapa alihitaji pande zote mbili: mbuga wakati wa masika, milima wakati wa kiangazi. Wadatoga waliishi hivyo kabla ya Wamasai kuwaondoa katika kreta ya Ngorongoro katika karne ya 19, na Wamasai nao wakafanya vivyo hivyo baada yao.

Hata hivyo, mzunguko huo haukuleta shibe ya mwaka mzima. Ng'ombe wa asili wa Afrika Mashariki hutoa maziwa machache, na ndama huchukua sehemu yake kwanza. Kiangazi kinapokolea, maziwa hupungua wakati uleule ambapo watu wanayahitaji zaidi, na kuchinja kila wiki ni kumaliza mtaji. Pengo hilo lilizibwa na nafaka. Wanawake wa Kimasai walibeba ngozi, maziwa na mazao mengine ya mifugo kwa majirani wakulima, wakarudi na mtama, uwele na baadaye mahindi. Majirani hao walikuwa Wairaqw wa nyanda za Mbulu, Waarusha wa chini ya Mlima Meru na Wabatemi, ambao wengi huwaita Wasonjo, wenye mifereji yao ya umwagiliaji kaskazini. Picha ya Mmasai aishiye kwa maziwa, nyama na damu tu ilikuwa kweli kwa morani katika msimu fulani, na ilikuwa fahari ya jamii. Lakini haikuwa hesabu ya chakula cha kaya nzima yenye wazee, akina mama na watoto.

Ukweli huo ulidhihirika kwa namna ya kutisha mwanzoni mwa miaka ya 1890. Ugonjwa wa sotoka uliingia Pembe ya Afrika mwaka 1887, wakati Waitalia walipokuwa wakiingiza mifugo kwa ajili ya jeshi lao Eritrea, na ndani ya miaka michache ukafika Umasaini. Ng'ombe walikufa karibu wote. Ndui ikafuata kwa watu waliokwisha dhoofika kwa njaa. Mvumbuzi wa Kiaustria, Oscar Baumann, alipoingia katika kreta ya Ngorongoro mwezi Machi 1892, aliwakuta Wamasai waliobaki wakiwa mifupa mitupu, na akaandika habari zao kwa uchungu. Wamasai wenyewe wanakikumbuka kipindi hicho kwa jina la Emutai, yaani maangamizi.

Waliopona walijiokoa vipi? Wengi walikimbilia kwa wakulima. Walikaa miongoni mwa Waarusha na majirani wengine, wakalima au wakafanya kazi kwa ajili ya chakula, kisha kidogo kidogo wakajipatia mbuzi, baadaye mitamba, na hatimaye wakarudi katika ufugaji. Jambo hili ni muhimu kwa yote yatakayofuata. Jembe halikuwa adui wa ufugaji. Mara kwa mara lilikuwa ngazi ya kuurudia.

Maafa hayohayo ndiyo yaliyofungua njia ya kuzaliwa kwa Karatu tunayoijua. Kwa muda mrefu Wairaqw walikuwa wamebanana katika milima ya Kainam, kusini mwa Mbulu, kwa kuwa tambarare za jirani zilikuwa mikononi mwa wafugaji wenye nguvu. Sotoka ilipoidhoofisha nguvu hiyo, na utawala wa Kijerumani kisha wa Kiingereza ulipozuia vita vya kutekana mifugo, Wairaqw wakaanza kushuka na kutawanyika kaskazini. Katika vizazi viwili hivi walifika Karatu na maeneo yanayoizunguka. Walowezi nao waliingia. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia ndugu wawili Wajerumani, Adolf na Friedrich Wilhelm Siedentopf, walikuwa na mashamba ndani ya kreta yenyewe, na baada ya vita walowezi wengine, wengi wao Wajerumani, walipanda kahawa kwenye miteremko ya Oldeani. Miaka ya 1950 baadhi ya Wairaqw wa Karatu walikuwa wakilima ngano kwa trekta.

Kwa hiyo kufikia katikati ya karne ya 20, mlima mmoja ulikuwa na watu wa aina mbili waliokuwa wakitegemeana. Karatu ilikuwa na nafaka ya ziada, Ngorongoro ilikuwa na mifugo, na minada iliwaunganisha. Ndani ya Ngorongoro kwenyewe kulikuwa na vishamba, katika mabonde yenye rutuba kuelekea kreta ya Empakaai na kwingineko. Baadhi vililimwa na wahamiaji kutoka nje, na vingine vilikuwa vya kaya za Kimasai zilizooa au kupokea watu kutoka jamii za wakulima.

Hapo ndipo uhifadhi ulipoingia. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 1940 iliitaja Serengeti kuwa hifadhi ya taifa, na mwaka 1951 hifadhi hiyo ikaanza kufanya kazi kwa dhati, ikijumuisha nyanda za Ngorongoro pamoja na watu waliokuwamo. Wamasai walihakikishiwa kwamba haki zao hazitaguswa. Lakini mwaka 1954 kilimo kikapigwa marufuku ndani ya hifadhi, na malalamiko yakalipuka. Wakuu wa hifadhi waliona kwamba mfugaji anaweza kukaa pamoja na wanyamapori, ila mkulima hawezi. Wenyeji waliona kwamba mfugaji na mkulima mara nyingi ni mtu yuleyule, au ni mume na mke.

Serikali ya kikoloni ilitoa waraka mwaka 1956 ikipendekeza kuigawa hifadhi. Wapenda wanyamapori wa Ulaya na Marekani walipinga, na mwanaikolojia wa Uingereza, Profesa W. H. Pearsall, akatumwa kuchunguza. Mwaka 1957 kamati iliyoongozwa na Sir Barclay Nihill ikapendekeza suluhisho: Serengeti ya magharibi iwe hifadhi isiyo na watu, na Ngorongoro iwe eneo la pekee ambamo watu, mifugo na wanyamapori watakaa pamoja. Mwaka 1958 wazee 12 wa Kimasai walitia saini tamko la kukubali kuondoka Serengeti. Tarehe 1 Julai 1959 Eneo la Hifadhi la Ngorongoro likaanza rasmi, lenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 8,300. Mwaka huohuo Gavana Richard Turnbull aliliambia baraza la Wamasai kwamba endapo maslahi ya wanyama na ya binadamu yatagongana ndani ya eneo hilo, ya binadamu yatatangulia. Wazee wa Ngorongoro wameirudia ahadi hiyo mbele ya kila tume iliyowafikia tangu wakati huo.

Sasa tufike kwenye hesabu. Mamlaka mpya ilihitaji kujua ina watu wangapi na mifugo mingapi. Takwimu za mwaka 1960 zilionyesha watu wapatao 10,600 na ng'ombe wapatao 161,000. Ukigawanya, unapata ng'ombe 15 kwa kila mtu, mtoto mchanga akiwemo. Huo ni utajiri mkubwa kwa kipimo chochote cha ufugaji. Kutokana na takwimu hizo likajengeka wazo kwamba hapa kuna jamii inayoweza kuishi kwa mifugo pekee, na kwamba kilimo ni nyongeza isiyo ya lazima iliyoletwa na wageni.

Nadhani mwaka huo ulikuwa msingi mbaya wa kupimia. Ulikuwa mwaka mmoja tu baada ya watu na mifugo kuhamishwa kutoka Serengeti, kwa hiyo makundi yalikuwa yamerundikana. Tena ulikuwa ukingoni mwa ukame mkali wa mwaka 1960 na 1961. Kufikia mwaka 1966 ng'ombe walikuwa wamebaki kama 95,000. Mtu angeweza kuchukua hesabu ya mwaka 1966 kuwa ndiyo hali ya kawaida, na angefikia hitimisho tofauti kabisa kuhusu kinachotosha. Lakini ile ya 1960 ndiyo iliyoendelea kutajwa, hata katika ripoti za karne hii.

Hatua iliyofuata ilikuwa kali zaidi. Mwaka 1974 familia zilizokuwa zikiishi ndani ya kreta ziliondolewa. Mwaka 1975 sheria ikarekebishwa na kilimo kikapigwa marufuku katika eneo zima. Miaka hiyo ilikuwa ya Operesheni Vijiji, ambayo Umasaini ilijulikana kwa jina la Operesheni Imparnati, na Serikali ilikuwa ikipanga upya makazi ya nchi nzima. Papo hapo wahifadhi walikuwa na hofu ya kweli kwamba mashamba yangekata njia za wanyama na kuharibu misitu inayokusanya maji. Ninaitaja hofu hiyo kwa heshima, kwa sababu mito na chemchemi zinazotumiwa na wakulima wa Karatu hutoka katika misitu hiyohiyo. Pamoja na hayo, marufuku ilifanya kitu ambacho hakuna aliyekipigia hesabu: iliondoa nusu ya pili ya chakula cha watu bila kuweka kitu kingine mahali pake.

Matokeo yalionekana katika miaka ya 1980. Mwaka 1987 watu walikuwa wamefika 22,000 na zaidi, na ng'ombe walikuwa kama 137,000. Kwa kila mtu walibaki sita. Watu walilima kwa siri, wakakamatwa, wakatozwa faini, wakalima tena.

Kwa nini ng'ombe kwa kila mtu walipungua kiasi hicho? Yametolewa maelezo matatu, na yanafaa kupimwa moja moja.

La kwanza ni kuongezeka kwa watu. Ni kweli, watu waliongezeka zaidi ya maradufu, kwa kuzaliana na kwa kuhamia. Lakini katika ufugaji wenye afya, mifugo nayo huzaliana. Mitamba huongezeka haraka kuliko watoto. Ongezeko la watu peke yake halielezi kwa nini ng'ombe walisimama palepale kwa karibu miaka 30.

La pili ni maradhi, na kwangu hili ndilo lenye uzito mkubwa kwa upande wa ng'ombe. Kisa chake ni cha ajabu. Chanjo ya sotoka iliyotolewa kwa ng'ombe kuanzia miaka ya 1950 iliwakinga pia nyumbu, maana ugonjwa ulikosa mahali pa kujificha. Nyumbu wa Serengeti walikuwa kama 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kufikia mwaka 1977 walikuwa zaidi ya milioni 1.3. Nyumbu huzalia katika mbuga zilezile za nyasi fupi wakati wa masika, na ndama wao hubeba virusi visivyowadhuru wao ila huua ng'ombe, na hakuna tiba. Mfugaji hana budi kuwaondoa ng'ombe wake mbugani katika miezi ambayo malisho ni bora kuliko yote. Akiwapeleka milimani, anakutana na kupe na ndigana kali, inayoua ndama kwa wingi. Majosho yalipokosa dawa katika hali mbaya ya uchumi iliyofuata vita vya Kagera, vifo viliongezeka. Hivyo mafanikio ya chanjo yaligeuka kuwa hasara kwa yule aliyekuwa amechanjiwa ng'ombe wake.

La tatu ni marufuku ya kilimo yenyewe, na hapa ndipo hesabu ya nafaka inapoingia. Asiyelima lazima anunue mahindi, na ili anunue lazima auze mnyama. Biashara hiyo si mbaya kwa asili yake: katika mwaka wa kawaida bei ya fahali mmoja hununua mahindi yenye nguvu ya chakula mara kadhaa kuliko nyama ya fahali huyo. Tatizo ni wakati. Ukame ukija, wote wanauza kwa pamoja, ng'ombe wamekonda, bei yao inaanguka; mahindi ya Karatu nayo yameungua shambani, bei yake inapanda. Mwenye ng'ombe 100 huvuka. Mwenye watano huuza madume yote, kisha huuza mitamba, na akishauza mitamba amejikatia njia ya kupona. Kwa kaya maskini, basi, marufuku ilikula mifugo kutoka ndani, mwaka baada ya mwaka.

Kwa hiyo naona maradhi yalizuia ng'ombe wasiongezeke, ongezeko la watu likagawanya waliokuwapo, na ukosefu wa shamba ukawalazimisha walio chini kuuza hata wale wa kuzalisha. Hakuna sababu moja inayojitosheleza bila nyingine.

Wataalamu wa nyanda za malisho, kwa upande wao, walikuwa wametengeneza kipimo chao. Uniti moja ya mifugo huhesabiwa kuwa mnyama mwenye uzito wa kilo 250. Mbuzi na kondoo huchukuliwa kuwa sehemu ndogo ya uniti hiyo. Kisha huulizwa: mtu mmoja anahitaji uniti ngapi? Jibu hutofautiana sana, kwa sababu linategemea kama mtu huyo atapata nafaka au hatapata. Anayeishi kwa maziwa na nyama tu anahitaji kundi kubwa mno. Mwenye robo ekari ya mahindi na maharage anahitaji dogo zaidi. Aidha, wastani huficha mengi: uniti ya fahali na ya ng'ombe wa maziwa huandikwa sawa, na boma la tajiri mmoja linaweza kuifanya kata nzima ya maskini ionekane imeshiba.

Tume ya Serikali iliyokaa mwaka 1989 na 1990 ilisikia malalamiko ya njaa, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 Waziri Mkuu, John Malecela, aliiondoa marufuku kwa muda. Vishamba vikaota karibu na maboma, vingi vikilimwa kwa jembe la mkono. Watafiti waliofuatilia kaya katika miaka hiyo, akiwemo mwanaanthropolojia J. Terrence McCabe, waliona kwamba kilimo hicho kiliwasaidia watu kubaki na mifugo yao badala ya kuiuza. Kuanzia mwaka 1998 mradi wa Ereto, uliofadhiliwa na Denmark, uligawa mifugo kwa kaya zilizofilisika na kuboresha maji na huduma za mifugo. Kwa muda mfupi nusu mbili za riziki zilikuwa zimekutana tena.

Kisha zikatenganishwa. Vishamba viliongezeka, wahamiaji wakaja, na UNESCO, iliyokuwa imeiandika Ngorongoro katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 1979, ikaonyesha wasiwasi. Baadhi ya wahamiaji walihamishiwa Oldonyo Sambu, na mwaka 2009 marufuku ikarudi. Mwaka 2013 ilibidi Serikali, kupitia Waziri Mkuu Mizengo Pinda, iahidi mahindi ya msaada kwa wakazi. Desemba 2016 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliagiza mifugo isiingie tena katika kreta za Ngorongoro, Olmoti na Empakaai, ambako ng'ombe walikuwa wakipata maji na chumvi. Hesabu ya mwaka 2017 ilikuta watu wapatao 93,000 na ng'ombe karibu 240,000: chini ya watatu kwa kila mtu. Mbuzi na kondoo walikuwa zaidi ya 500,000, nao wanasema jambo lao. Mbuzi huzaa upesi na huuzwa upesi. Huyo ndiye mnyama wa mtu anayenunua unga kila mwezi.

Takwimu hizo hutumiwa na pande zote mbili. Anayetaka watu waondoke husema mifugo imezidi ardhi. Anayewatetea husema mifugo imepungua kwa mtu kiasi kwamba umaskini umekuwa wa lazima. Kihesabu wote wawili wako sahihi, kwa kuwa mmoja anagawanya ng'ombe kwa kilomita na mwingine anagawanya kwa vinywa.

Juni 2022 Serikali ilianza kuwahamishia waliojiandikisha Msomera, wilayani Handeni, mkoani Tanga. Serikali imesisitiza kuwa kuhama ni kwa hiari. Wakazi wengi na wanasheria wao wamedai kuwa huduma za afya na elimu zilizopunguzwa Ngorongoro zimewasukuma, na mabishano hayo yamefika mahakamani na hadi kwa Rais, ambaye aliunda tume mbili kuyashughulikia. Kwa historia tuliyoifuata, kitu kimoja katika mpango wa Msomera kinastahili kuangaliwa. Kila kaya iliahidiwa nyumba, eneo la kuishi na shamba la ekari tano. Kipimo cha riziki ya mfugaji kilichoandikwa na Serikali yenyewe, safari hii, kina nafaka ndani yake. Kwa aliyebaki Endulen au Nainokanoka kipimo ni kile cha mwaka 1975, na mahindi yake bado yanapanda kutoka Karatu kwa bei ya soko.